Laini isiyo kwa jina lako ni duka la mtu mwingine

Jumanne na Ijumaa ni siku za soko pale Mpondwe. Kabla jua halijawa kali, daraja la mto Lhubiriha limeshajaa watu: akina mama wenye maharage kichwani, vijana wanaosukuma baiskeli zilizolemewa na magunia, na wenzetu wa Kasindi wanaovuka kuja kununua mchele, sabuni na viatu. Katika soko hilo, miezi michache iliyopita, nilimkuta mama mmoja wa Kasindi, muuza vitenge ninayemfahamu kwa miaka mingi, amekaa kibandani kwake mikono mapajani, hauzi chochote. Mbele yake walisimama wateja wawili waliotoka Beni. Mmoja alikuwa akirudia swali moja tu: "Mama, franga zetu ziko wapi?"

Mama hakuwa na franga zao. Wiki iliyotangulia simu yake ilichomolewa mkobani katikati ya msongamano. Haikuwa na namba ya kuifunga. Aliyeichukua alifungua WhatsApp, akasoma maagizo ya wateja mmoja baada ya mwingine, kisha akawaandikia kwa utulivu kabisa, kwa lugha ile ile ya mama: vitenge vimefika, rangi mliyotaka ipo, ila tumeni malipo ya kwanza kwenye namba hii mpya kwa sababu ile ya zamani inasumbua. Wateja walimwamini. Walikuwa wamefanya naye biashara miaka sita. Walituma.

Huo ni wizi wa kawaida, na msomaji wa ukurasa huu huenda ameshausikia mara nyingi. Kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Siku ya pili yake mama alipanda gari hadi Kasese mjini kwenda kuirudisha laini yake, ili walau amfungie mwizi njia na kuokoa salio lililobaki. Kijana wa kituo cha huduma alimuuliza kwa heshima: "Mama, laini iko kwa jina la nani?" Laini ilikuwa kwa jina la msichana aliyewahi kupanga chumba kwake, Mganda mwenye kitambulisho cha taifa, ambaye alimsaidia kuisajili zamani. Msichana huyo yuko Arabuni, anafanya kazi za nyumbani. Namba yake ya huko hakuna aliyekuwa nayo. Kijana akasema hawezi kufanya lolote bila mwenye laini kuwepo.

Wala hakukosea. Sheria ya kurudisha laini imewekwa ili mtu asije akadai laini yako na kukuibia. Kwenye karatasi, mama yule hakuwa mwenye laini. Miaka sita ya biashara, wateja wa Beni na Butembo, akiba ya karo ya watoto, vyote vilikuwa ndani ya duka ambalo mlango wake umeandikwa jina la mtu mwingine.

Ndiyo maana leo sitaki kuanza na mawaidha ya kila siku ya "usimpe mtu namba yako ya siri". Ni mawaidha mazuri, na nitayafikia. Lakini kwa mfanyabiashara wa mpakani swali la kwanza ni lingine: akaunti zako ni za nani? Ukishindwa kulijibu swali hilo, hata usipotapeliwa kamwe, siku moja utajikuta nje ya duka lako mwenyewe, ufunguo mkononi mwa mtu usiyempata.

Duka limehamia kwenye simu

Wapo wazee wa soko wanaosema haya ni mambo ya vijana. Sivyo. Fedha za simu zilianza Kenya mwaka 2007 na Uganda mwaka 2009, na leo muuza samaki wa Katwe anapokea malipo kwa simu sawa na mwenye duka la jumla Kasese. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita lakini sisi tunaovuka kwa miguu tulizuiwa. Waliookoka kibiashara ni wale waliokuwa na wateja ndani ya simu. Mteja wa ng'ambo aliagiza kwa ujumbe, mzigo ukapanda lori, malipo yakaja kwa simu. Mpaka ulipofunguliwa, tabia ile ilibaki.

Siku hizi mwenye kibanda cha Bwera anaangalia bei Jumia na Jiji kabla hajapanda basi la Kampala. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakifuata bidhaa Dubai na Guangzhou, sasa wanapatana na wenye viwanda kupitia Alibaba na kumalizia kwa WhatsApp. Kila moja ya milango hii ina akaunti, na karibu kila akaunti imefungwa kwenye kitu kimoja: namba ya simu. Ukisahau neno la siri la barua pepe, namba ya kuthibitisha inaletwa kwenye laini. Ukibadilisha simu, WhatsApp inaleta tarakimu sita kwenye laini. Kwa hiyo laini imekuwa ufunguo wa funguo zote. Anayeishika amekushika.

Milango wanayopitia matapeli

Matapeli wa leo hawahitaji kuwa mafundi wa kompyuta. Wanachohitaji ni kukupata siku ya soko, saa nne asubuhi, unapima maharage kwa mkono mmoja na kupokea simu kwa mkono mwingine. Wanaijua kalenda yetu kuliko sisi.

Mlango wa kwanza ni zile tarakimu sita. Anakupigia mtu anayejua jina lako. Anasema ametuma namba kwenye simu yako kwa bahati mbaya, au yeye ni wa kampuni ya simu na anaboresha laini, au ni katibu wa kikundi chenu cha akiba na anataka kukuingiza kwenye kundi jipya. Anaomba umsomee namba iliyoingia. Ukimsomea, dakika hiyo hiyo WhatsApp yako inafunguka kwenye simu yake, na kwako inajifunga. Halafu anaanza kuwaandikia shemeji zako na wateja wako kwa jina lako. Kumbuka jambo hili moja: namba inayoletwa kwenye simu yako ni ya macho yako peke yako. Kampuni iliyoituma inaijua tayari, haina sababu ya kukuuliza.

Mlango wa pili ni ujumbe wa fedha ambazo hazikuja. Unapokea ujumbe kwamba umeingiziwa shilingi 300,000. Dakika moja baadaye mtu analia kwenye simu: nimekosea, ni fedha za hospitali, nirudishie. Ujumbe huo umetoka kwenye namba ya mtu, umeandikwa kwa mkono ukafanana na wa kampuni. Dawa yake haihitaji elimu: usiangalie ujumbe, angalia salio. Kwa MTN bonyeza *165#, kwa Airtel bonyeza *185#, ufuate njia ya salio. Kama fedha haipo kwenye salio, haikuja. Na kama kweli ipo, mwambie aliyekosea aende kwa kampuni yake irudishwe kwa utaratibu. Mwenye haki hakosi subira.

Mlango wa tatu unawahusu wanaoagiza bidhaa mtandaoni. Ujumbe unasema mzigo wako umekwama forodhani, lipa kiasi kidogo kwa namba hii au ufungue kiungo hiki. Kiasi huwa kidogo kwa makusudi, ili usiumie kulipa bila kuuliza. Lakini sisi wa mpakani tunajua forodha inavyofanya kazi. Upande wa Uganda, kodi ya URA hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, ile PRN inayotolewa na mfumo wao. Hailipwi kwenye laini ya mtu. Upande wa Kongo, DGDA nao wana hati zao na risiti zao. Ofisa wa forodha anayekuomba utume kwa namba yake ya mfukoni, awe wa kweli au wa uongo, anakuibia.

Kiungo chenyewe kina mtego wake. Kinafungua ukurasa unaofanana kabisa na wa duka unalolijua, rangi zile zile, nembo ile ile, na kinakuomba uandike namba ya simu na neno la siri. Ukiandika, umemkabidhi mtu. Akaunti ya duka ifungue kwa kuingia mwenyewe kwenye programu yake au kwa kuandika anuani yake mwenyewe. Usiingie dukani kwa mlango ulioonyeshwa na mtu wa barabarani.

Mlango wa nne unawaumiza wakubwa. Umepatana na muuzaji wa Guangzhou, mmeandikiana mwezi mzima, na siku ya kulipa unapata ujumbe: benki yetu imebadilika, tuma kwenye akaunti hii. Huenda barua pepe yako au yake imeingiliwa na mtu aliyekuwa akisoma kimya kimya, akingoja siku hiyo. Kabla ya kutuma, mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, umwone au usikie sauti yake. Na kama mmepatana ndani ya Alibaba, lipa ndani ya Alibaba. Muuzaji anayekuvuta ulipe nje ili akupunguzie bei anakutoa mahali ambapo ungeweza kulalamika na kusikilizwa.

Upo na mlango wa tano ambao wengi hawaujui. Mtu anakuelekeza ubonyeze namba inayoanza na nyota mbili, mfano **21* ikifuatiwa na namba ya simu. Anasema ni ya kupata bando la bure. Kumbe umeielekeza laini yako ipeleke simu zako zote kwake, na hata ile namba ya WhatsApp inayosomwa kwa sauti itamfikia yeye. Kama umewahi kubonyeza kitu cha namna hiyo na huna hakika, bonyeza ##002# upige. Inafuta maelekezo yote ya kupeleka simu kwingine.

Mlango unaojifunga wenyewe

Si kila anayefungiwa nje amefungiwa na mwizi. Wengine tunafungiwa na mlinzi wetu wenyewe, kwa sababu tunaishi kwa namna ambayo mlinzi huyo haielewi.

Chukua Facebook. Ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na tangu hapo wengi wanaouza humo huingia kwa kutumia VPN. Programu hiyo inaifanya simu yako ionekane iko nchi nyingine. Asubuhi uko Uholanzi, mchana uko Marekani, jioni umevuka daraja na simu imeshika mtandao wa Kongo. Akaunti ikiona mtu mmoja yuko nchi tatu kwa siku moja inadhani imeibiwa, inajifunga na kutaka uthibitisho. Kama namba uliyosajilia ilishapotea, uthibitisho huo hauupati. Anayelazimika kutumia VPN na achague nchi moja asiihame, na asitumie hizi za bure zisizojulikana mwenyewe, maana kila unachoandika kinapita mikononi mwa mwenye VPN.

Chukua pia simu tunazonunua. Kijana wa duka la simu anakufungulia barua pepe ya Gmail ili simu ianze kufanya kazi. Anaweka neno la siri analowawekea wateja wote, na namba ya kurudishia anaweka ya kwake. Wewe unatoka dukani unafurahi, hata jina la barua pepe hulijui. Mwaka mmoja baadaye simu inagoma, fundi anaifuta yote, ikiwaka inauliza: andika akaunti ya mwanzo. Hapo ndipo simu ya laki nne inageuka kuwa kioo cha kujitazamia. Picha za bidhaa, namba za wateja, kumbukumbu za madeni, vyote vimekwenda. Hakuna aliyekuibia. Ulijenga kwenye kiwanja ambacho hati yake hukuiona.

Na chukua laini inayolala. Wengi wetu tuna laini tatu au nne: ya Uganda, ya Kongo, ya akiba, ya zamani. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huweza kuifunga na baadaye kumpa mteja mwingine. Kama ndiyo uliyosajilia barua pepe au akaunti ya duka, mteja huyo mpya sasa anapokea namba zako za kuthibitisha. Si mwizi, ni mtu wa watu aliyenunua laini dukani. Lakini funguo zako anazo.

Jina ni la nani?

Hapa narudi kwa mama wa Kasindi. Uganda ilianza kusajili laini mwaka 2012, na mwaka 2017 serikali ikaamuru zihakikiwe kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Mgeni akatakiwa kuwa na pasipoti. Kwa nia ya usalama, uamuzi huo una maana. Lakini uliweka ukuta mahali ambapo watu wana daraja. Mkonzo wa Bwera na Mnande wa Kasindi wanasikilizana kwa lugha, wanaoana, wanazikana. Kwa miaka mingi kitambulisho cha kawaida cha raia wa Kongo kimekuwa kadi ya mpiga kura. Pasipoti ni kitu cha gharama na cha mji wa mbali. Mama anayevuka na debe mbili za maharage haendi kutafuta pasipoti ili apate laini. Anamwomba mpangaji wake.

Na wapo wa upande wetu wanaofanya vivyo hivyo ng'ambo: laini ya Kongo ya kupokelea malipo ya wateja wa Beni, iliyosajiliwa na wakala kwa jina ambalo hata yeye halikumbuki.

Matapeli wanalijua pengo hili na wanalipenda. Oktoba 2020, MTN, Airtel na benki ya Stanbic nchini Uganda zilitangaza kwamba kulitokea tatizo kwenye mfumo wa kampuni ya tatu inayounganisha benki na fedha za simu, na huduma hizo zikasimamishwa kwa muda. Taarifa zilizochapishwa wakati huo zilitaja laini zipatazo 2,000 zilizotumika katika wizi ule. Laini nyingi kiasi hicho haziwezi kuwa kwenye jina la mwizi. Kila anayekubali kusajili laini kwa ajili ya mtu asiyemjua, kwa shilingi elfu chache, anamshonea mwizi kofia. Siku polisi wakifuata jina, watamfuata yeye.

Kwa hiyo pengo linatuumiza pande mbili. Mfanyabiashara mwema hawezi kuthibitisha kwamba laini ni yake, na mwizi anaweza kuthibitisha kwamba laini si yake.

Wapo wanaojibu: basi turudi kwenye noti. Nawaelewa. Noti haiulizi neno la siri. Lakini tuwe wakweli. Noti kwenye barabara ya Beni imegharimu watu zaidi ya fedha. Noti haikuvuka daraja mwaka 2020. Na noti haikuandikii nani alilipa nini. Wengine wanasema anayetapeliwa ana tamaa au ni mjinga. Mama yule hakuwa na tamaa, wala wateja wake. Walituma fedha kwa sababu alikuwa mwaminifu kwao miaka sita. Kilichoibwa pale ni uaminifu, na katika biashara ya mpakani hakuna mtaji mwingine mkubwa kuliko huo.

Ya kufanya kabla ya soko lijalo

Yafuatayo hayahitaji fedha. Yanahitaji jioni moja ya utulivu.

Kwanza, jua laini yako iko kwa jina la nani. Nenda kituo cha huduma na kitambulisho chako uulize. Kama iko kwa jina la ndugu aliye karibu, nendeni wote wawili muihamishe. Fanya hivyo akiwa hai, akiwa nchini, na mkiwa mnapatana. Kama huwezi kuihamisha, usiweke humo zaidi ya mauzo ya siku.

Pili, ifunge simu yenyewe kwa namba, na laini nayo iwekee namba yake ya kufungia kwenye mipangilio ya simu. Mwizi akiichomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine, itamdai namba hiyo. Tahadhari: ukikosea mara tatu, laini itadai namba ya PUK, iliyo kwenye kadi uliyopewa siku ya kununua. Itafute kadi hiyo leo.

Tatu, kwenye WhatsApp ingia mipangilio, kisha akaunti, uweke uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba yako nyingine ya tarakimu sita, na uongeze barua pepe. Mwizi akipata namba ya ujumbe atakwama kwenye hiyo ya pili. Wasioweka huadhibiwa mara mbili: mwizi akiingia huweka ya kwake, na mwenyewe anaweza kungoja siku 7 kabla ya kuingia tena. Hata hivyo usikate tamaa. Ukisajili namba yako upya na kuandika tarakimu zilizokuja kwenye laini, mwizi anatolewa nje wakati huo huo, hata kama wewe bado unangoja.

Nne, barua pepe iwe yako. Badilisha neno la siri alilokuwekea kijana wa duka, badilisha na namba ya kurudishia. Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi, uziweke mahali unapoweka hati ya kiwanja. Usizipige picha kwa simu hiyo hiyo.

Tano, wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kwenye daftari la kawaida namba za wateja wako wakubwa, madeni na maagizo. Mama wa Kasindi angekuwa nalo, angewapigia wateja wake saa ile ile kwa simu ya jirani, na mwizi asingevuna.

Sita, patana na wateja wako sasa, kabla ya shida: namba ya malipo haibadiliki kwa ujumbe. Ikibadilika, nitakupigia, utanisikia, na utaniuliza jambo tunalolijua sisi wawili. Wafundishe wakudai uthibitisho, na usikasirike wakikudai.

Deni la wakubwa

Hayo ni yetu. Lakini si haki kumbebesha mama wa kibanda mzigo ambao funguo zake wameshika wengine.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokelewa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai mwaka huo. COMESA ina utaratibu wa kurahisisha biashara ndogo, ambapo mwenye mzigo mdogo hupita na hati nyepesi. Kama tumekubali kwamba mzigo wa mama huyu unaweza kuvuka kwa hati nyepesi, kwa nini jina lake lisivuke? Tume ya Mawasiliano ya Uganda na mwenzake wa Kongo, ARPTC, wakae meza moja watambue kitambulisho kimoja cha mfanyabiashara wa mpakani kinachotosha kusajili laini moja kila upande, kwa alama za vidole, kwa jina lake mwenyewe. Hilo litawasaidia hata polisi, maana litapunguza laini za kofia.

Kampuni za simu nazo ziweke meza Mpondwe na Kasindi siku za soko. Meza ya kuuza laini tunaiona kila Ijumaa. Meza ya kufunga laini iliyoibwa na kuirudisha kwa mwenyewe hatuioni. Kati ya simu kuibwa na mama kufika Kasese ilipita siku nzima, na siku nzima inamtosha mwizi.

Na maonyo yaje kwa lugha tunayofanyia biashara. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Lakini onyo la utapeli bado hutujia kwa Kiingereza upande huu na kwa Kifaransa upande ule. Tapeli peke yake ndiye anayetuandikia Kiswahili safi. Hilo linapaswa kuwaaibisha wenye ofisi.

Ijumaa iliyopita nilipita kibandani kwa mama. Vitenge vipo, wateja wa Beni wamerudi, kwa sababu aliwalipa kidogo kidogo fedha ambazo hakuzila. Ana daftari jipya lenye jalada la bluu. Ana simu nyingine, ameifunga kwa namba, na alinionyesha kwa fahari zile hatua mbili za WhatsApp. Nikamuuliza laini mpya iko kwa jina la nani.

Akatabasamu, akaendelea kukunja kitenge. "La mkwe wangu," akasema. "Sasa ningefanya nini, mwanangu?"